Jeshi la Lettow-Vorbeck lilipata wapi silaha na risasi kwa miaka minne bila bandari?

Msomaji wa Tanga ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimekuwa nikisoma habari za Vita Kuu ya Kwanza katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, na kuna jambo ambalo waandishi wengi hulipita mbiombio. Jeshi la Wajerumani, chini ya kamanda wake Lettow-Vorbeck, liliingia vitani Agosti 1914 likiwa na askari Waafrika wapatao 2,500 na Wajerumani mia mbili na ushee. Wengi wa askari hao walishika bunduki za muundo wa mwaka 1871, ambazo hupakiwa risasi moja moja na kutoa wingu la moshi kila zinapofyatuliwa, hata adui akajua papo hapo mpigaji amejificha wapi. Manowari za Uingereza zilikuwa zimeifunga pwani yote. Hata hivyo jeshi hilo likakua hadi kupita askari elfu kumi, na likapigana mpaka Novemba 1918. Siulizi habari za ujasiri wala mbinu za medani. Nauliza silaha ziliharibika zikatengenezwa wapi, risasi zilitoka wapi, na ni nani waliofanya kazi hiyo. Habari za meli mbili zilizopenya kizuizi ninazijua, lakini siamini kwamba meli mbili zinatosha kulisha vita vya miaka minne.

Karani wa Bohari amejibu:

Ndugu Msomaji, jibu linaanzia huko huko kwenu. Mwanzoni mwa Novemba 1914 Waingereza waliteremsha Tanga kikosi cha watu wapatao 8,000 kilichotoka India. Kikashindwa vibaya, kikarudi melini na kuacha ufukweni bunduki za kisasa za kutosha kampuni tatu, bunduki za rashasha, simu za vitani na risasi zipatazo 600,000. Kwa hiyo shehena kubwa ya kwanza ya vita hivyo ilitoka mikononi mwa adui, wala haikugharimu nauli.

Lakini tazama jinsi akiba inavyoyeyuka. Januari 1915, katika mapigano ya Jasin karibu na mpaka wa Kenya ya leo, Wajerumani walishinda kwa kutumia risasi 200,000 kwa muda wa siku mbili. Lettow-Vorbeck alipokaa na kupiga hesabu, aliona kwamba akiba yake ingemruhusu kupigana mapigano ya ukubwa ule mara tatu zaidi, basi. Tangu hapo akageukia doria ndogo za watu wachache waliokwenda kutega baruti kwenye reli ya Uganda, kwa sababu kifurushi kimoja cha baruti kiliweza kusimamisha garimoshi zima pasipo kupoteza sanduku hata moja la risasi. Wanaosifu mbinu ile kana kwamba ilibuniwa kwa akili tupu wangeanza kwanza na daftari la bohari.

Sasa nije kwenye meli. Ya kwanza, Rubens, iliingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, tarehe 14 Aprili 1915, huku ikiandamwa na manowari Hyacinth. Nahodha wake aliizamisha mahali penye kina kifupi, na moto ukawaka juu ya sitaha. Waingereza walidhani kila kitu kimeteketea, wakaondoka, na shehena iliyokuwa chini ikaopolewa na wapiga mbizi. Tatizo lilikuwa kwamba mamilioni ya risasi yalikuwa yamelowa maji ya chumvi, na baruti pamoja na fataki zake ziliendelea kuharibika kadiri siku zilivyopita.

Hapo ndipo kwenye jibu la swali lako la tatu. Risasi hizo zilipelekwa Moshi, mwisho wa reli ya Usambara, na kwa miezi kadhaa kila askari na mpagazi aliyeweza kupatikana alikalishwa kuzifungua moja moja kutwa nzima. Kichwa cha risasi kilichomolewa, baruti ikamwagwa na kusafishwa, ganda likafutwa, na fataki iliyooza, yaani kile kitufe cha kwenye kitako kinachogongwa na pini, ikabadilishwa kwa nyingine iliyopatikana humu nchini, ijapokuwa haikuwa ya aina ile ile. Kisha zikajaribiwa kwa mafungu. Risasi nzuri za akiba ya zamani zilihifadhiwa kwa ajili ya rashasha peke yake, kwa kuwa rashasha ikikwama katikati ya mapigano ni balaa. Katika zile zilizotengenezwa upya, fungu ambalo moja kati ya tano iligoma kulia lilihesabiwa kuwa zuri na kupelekwa vitani, na lililokuwa baya zaidi ya hapo likatumika kwa mazoezi ya shabaha. Maana yake ni kwamba askari aliingia vitani akijua fika kwamba kila akifyatua mara tano, huenda moja ingekuwa mlio wa pini tu.

Meli ya pili, Marie, ilifika ghuba ya Sudi, upande wa Lindi, Machi 1916, ikiwa na mizinga mikubwa minne, miwili midogo ya milimani, bunduki, risasi na dawa. Shehena hiyo ilikuwa kavu na nzima, lakini ilishushwa mbali sana na reli, ikachukuliwa kwa vichwa na mabega ya wapagazi kutoka kituo hadi kituo.

Mwana wa Delta amejibu:

Naomba kuongeza habari za manowari Königsberg, kwa sababu watu huitaja kama kisa cha baharini ilhali sehemu yake kubwa ilitokea nchi kavu. Meli hiyo iliizamisha Pegasus ya Waingereza hapo Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji kwa kuwa mitambo yake ilikuwa imeharibika. Vipande vya mitambo hiyo vilivutwa na wapagazi hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa kwa njia ile ile. Yeyote anayeyajua matope na mikoko ya delta hawezi kuuona huo kuwa mzaha.

Meli ilipozamishwa Julai 1915, mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 iliopolewa na kupelekwa kwenye karakana ya reli, Dar es Salaam. Mzinga wa meli hufungwa kwa bolti kwenye sitaha na kutulizwa na uzito wa meli yenyewe, kwa hiyo ukiuweka ardhini hauna miguu wala pa kuegemea unaporudi nyuma baada ya kufyatuliwa. Mafundi wa reli, waliozoea mabehewa na vichwa vya garimoshi, ndio walioitengenezea magari yenye magurudumu. Mzinga mmoja ulifungwa kwenye meli Götzen katika Ziwa Tanganyika, meli ambayo baadaye tuliijua kwa jina la Liemba, na mingine ikasambazwa pande mbalimbali za koloni, kila mmoja ukivutwa na mamia ya watu pale ambapo hapakuwa na reli. Uliokuwa Kahe ulilipuliwa na wenyewe Machi 1916 kwa kuwa haukuweza kuhamishwa kwa wakati.

Waingereza nao, kwa taarifa yenu, walifanya vivyo hivyo kwa mizinga ya Pegasus. Atakayefika Fort Jesus, Mombasa, aulizie mizinga ya meli hizo mbili.

Ng'ambo ya Ruvuma amejibu:

Ninayakubali yote yaliyosemwa, lakini nitofautiane na wakubwa zangu kuhusu uzito wa karakana. Dar es Salaam ilianguka tarehe 4 Septemba 1916 na Tabora ikachukuliwa na Wabelgiji tarehe 19 mwezi huo huo. Kuanzia hapo jeshi halikuwa tena na reli, wala karakana ya maana, wala bandari, na bado vita viliendelea kwa zaidi ya miaka miwili. Nusu hiyo ya pili haielezwi na Moshi wala na mafundi wa reli.

Inaelezwa na mambo mawili. La kwanza ni wapagazi, ambao wengi wao hawakuulizwa kama wanataka kwenda. Katika nchi yenye mbung'o, ng'ombe na farasi hufa, kwa hiyo kila sanduku la risasi lilihitaji kichwa cha mtu. Mtu huyo naye anakula: akibeba kilo 25 za unga na kula kilo moja kwa siku, baada ya siku 25 amekula mzigo wake wote. Kwa hiyo unga uliporwa vijijini njia nzima, na wenye mashamba wakabaki na njaa. Wanaoandika kwamba jeshi hilo lilijitegemea wataje pia lilimtegemea nani.

La pili ni silaha za adui, na hapa kuna jambo la kiufundi linalosahauliwa. Bunduki mpya ya Kijerumani ilitumia risasi ya milimita 7.92, ile ya 1871 ilitumia ya milimita 11, ya Kiingereza 7.7 na ya Kireno 6.5. Risasi za mateka hazikuweza kutiwa katika bunduki ya Kijerumani. Ilibidi uteke bunduki pamoja na risasi zake, la sivyo umejitwisha vyuma.

Msomaji wa Tanga ameandika tena:

Ahsanteni sana, nimefaidika. Ila nimebaki na fumbo moja: kama risasi zilikuwa adimu kiasi hicho, kwa nini Lettow-Vorbeck alikubali mapigano ya siku nne Mahiwa mnamo Oktoba 1917?

Karani wa Bohari amejibu:

Ndugu Ng'ambo ya Ruvuma amenisahihisha vizuri, nami siongezi neno hapo.

Kuhusu Mahiwa, aliona nafasi ya kumpiga adui aliyekuwa akishambulia uso kwa uso, akaichukua. Waingereza walipoteza watu wapatao 2,700 kati ya 4,900, lakini risasi za Kijerumani zisizotoa moshi zilikaribia kwisha zote, na sehemu kubwa ya jeshi ikabaki na bunduki zile zile za 1871. Kwa maoni yangu ushindi huo ndio uliomfukuza kutoka koloni lake. Mwezi uliofuata aliwaacha wagonjwa na majeruhi, akalipunguza jeshi kulingana na risasi na chakula kilichobaki, akavuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji, koloni la Wareno, na Wajerumani wapatao 300 na askari 1,700. Katika siku hizo hizo ndege kubwa ya gesi, L59, ilikuwa njiani kutoka Bulgaria na tani zipatazo 15 za shehena, risasi zikiwamo, ikaamriwa kurudi ilipokuwa imekwisha kuufikia upande wa Khartoum.

Siku aliyovuka, tarehe 25 Novemba 1917, aliivamia ngome ya Wareno ya Ngomano na kupata bunduki, rashasha na risasi zipatazo 250,000, na ndipo askari wengi walipozitupa bunduki za 1871. Julai 1918, huko Nhamacurra, akateka nyingine, pamoja na chakula kingi kuliko watu wake walivyoweza kubeba.

Orodha ya silaha zilizokabidhiwa Abercorn, yaani Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, inamaliza ubishi wa karakana na mateka kuliko hoja zetu: mzinga mmoja wa Kireno, rashasha 37, ambazo 30 kati yake zilikuwa za Kiingereza, bunduki 1,071 za Kiingereza na za Kireno, na risasi 208,000. Bunduki ya kisasa ya Kijerumani haikuwamo hata moja.