Naomba ushauri: matofali yasiyochomwa, Lubumbashi

Ndugu zangu, hamjambo. Najenga pembeni ya Lubumbashi. Fundi anang'ang'ania matofali ya kuchoma, lakini tanuru linameza miti mno, na miombo ya kwetu tayari inamalizwa na makala (makaa ya kupikia). Nataka ya kushindilia kwa mashine ya mkono, bila moto.

Nimejaribu saruji ndoo 1 kwa udongo wa kichuguu ndoo 12, nikafunika kwa turubai na kunyunyizia maji. Yamepasuka pembeni. Yenye mchanga hayakupasuka, ila ukikwaruza kwa msumari yanatoa unga.

Niongeze mchanga kiasi gani kabla ya kugusa saruji (nayo hutoa hewa ukaa nyingi kiwandani)? Na je, kuta hizo zitahimili masika bila plasta, zikiwa na msingi wa mawe na paa lililotokeza?