Nianzie wapi ili niwe mtunzi wa muziki wa filamu na televisheni?

MpigaPiano

Ndugu zangu, naomba mwongozo wa wenye uzoefu. Nimejifunza piano tangu utotoni, ninasoma na kuandika nota bila shida, na kwa miaka ya karibuni nimekuwa nikitunga vipande vifupi kwenye kompyuta. Ninatamani kutunga muziki wa filamu na tamthilia za televisheni kuwe ndiyo kazi yangu ya maisha. Hata hivyo, ninayoyasikia yanakinzana: wapo wanaosema kuwa bila shahada ya utunzi hakuna atakayenisikiliza, na wapo wanaosema kuwa kinachohesabika ni kujuana na waongozaji tu. Naomba kufahamu mtu huanzia wapi hasa, na mtunzi huishi kwa kipato gani filamu ikishakamilika.

ChumbaChaSauti

Ndugu MpigaPiano, nilikuwa msaidizi wa mtunzi kwa miaka mingi kabla ya kukabidhiwa filamu zangu mwenyewe, kwa hiyo nitaanza na kazi yenyewe, maana wengi huipenda kabla hawajaijua. Mara nyingi mtunzi huitwa mwishoni, wakati uhariri wa picha umekamilika au unakaribia kukamilika. Huketi na mwongozaji na mhariri, wakaitazama filamu nzima na kukubaliana, tukio baada ya tukio, muziki uingie wapi, utoke wapi na ufanye kazi gani. Kwa maoni yangu, kikao hicho kina uzito kuliko nota zote zitakazoandikwa baadaye.

Chukua tukio la mwanamke anayepokea barua ya msiba. Mtunzi mchanga huanzisha muziki pale bahasha inapofunguliwa, na kwa kufanya hivyo huwa amekwisha kumwambia mtazamaji kilichomo. Mwache mama huyo asome kimya, isikike karatasi peke yake. Kisha, anapoikunja barua na kuitia mfukoni, iingie sauti moja ya chelo, ile ala kubwa ya nyuzi, ya chini kabisa, isiyofunika pumzi zake. Mtazamaji atakuwa amehuzunika kabla ya muziki kumwomba ahuzunike.

Jiandae pia kukutana na muziki wa muda, yaani muziki wa kuazima ambao mhariri huubandika kwenye picha ili zisiwe kavu wakati wa uhariri. Mwongozaji huusikia kwa wiki nyingi mpaka akauzoea, na utunzi wako huja ukiwa mgeni katika nyumba yenye mwenyeji. Alex North alitunga muziki wa filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1968, *2001: A Space Odyssey*, lakini Kubrick aliamua kubaki na muziki wa klasiki aliokuwa ameutumia kwa muda, na North akaja kutambua kwamba kazi yake haimo alipoitazama filamu yenyewe. Ikiwa jambo hilo lilimpata mtunzi wa hadhi yake, wewe usilichukulie kukataliwa kwa kipande kimoja kuwa hukumu juu ya kipaji chako.

Jambo dogo la kiufundi: kabla ya kuandika nota ya kwanza, uliza picha zinakwenda kwa kasi gani. Filamu za sinema kwa kawaida huwa na picha 24 kwa sekunde, ilhali televisheni ya sehemu kubwa ya Ulaya hutumia 25. Ukikosea hapo, muziki utazidi kuachana na matukio kadiri dakika zinavyopita.

NotaNaMikataba

Niruhusuni nijibu la kipato, kwa kuwa kazi yangu ni kusimamia haki za watunzi. Kipato cha kwanza ni ada ya utunzi, na hapa soma mkataba kwa makini, kwa sababu mikataba mingi siku hizi hutoa fungu moja ambalo ndani yake mtunzi analipa wapigaji wa ala, studio na mchanganyaji wa sauti. Kinachobaki ndicho chake, na pengine hakibaki kitu. Kipato cha pili ni mirabaha ya utangazaji, yaani malipo yanayotolewa kila muziki unapotangazwa. Hata pale mtayarishaji anapomiliki hakimiliki ya muziki, mtunzi hupaswa kupigania abaki na fungu lake la mwandishi wa muziki, ambalo kwa desturi ni nusu ya mirabaha hiyo, kwani ndilo litakaloendelea kumlipa kila tamthilia inaporudiwa.

Mirabaha hiyo haiji yenyewe. Hufuata orodha ya matumizi ya muziki, inayoonyesha kila kipande, muda wake kwa sekunde, namna kilivyotumika na jina la aliyekitunga. Orodha isipowasilishwa kwenye taasisi inayokusanya mirabaha, au jina lako likikosewa, fedha zako hazitakufikia. Omba nakala yake kila mara, hata kama utaonekana msumbufu. Tambua pia kwamba sheria hutofautiana: kumbi za sinema za Marekani hazilipi mirabaha ya maonyesho kwa muziki uliomo ndani ya filamu, wakati katika nchi nyingi za Ulaya hulipa.

Chelo_na_Picha

Nakubaliana na waliotangulia, ila nisingependa mwuliza swali adhani kwamba njia ni moja, ya kuwa msaidizi. Watunzi maarufu wa filamu wamefika kwa njia tofauti: Ennio Morricone alisomea tarumbeta na utunzi, kisha akapata riziki kwa kupanga muziki wa nyimbo za waimbaji wengine. John Williams alikuwa mpiga piano wa studio na akatunga kwa ajili ya televisheni. Hildur Guðnadóttir wa Iceland, aliyepata tuzo ya Oscar mwaka 2020, alianza kama mpiga chelo. Shahada ina faida, hasa kwa anayetaka kuandikia okestra, lakini sijaona mwongozaji akiomba cheti. Watafute waongozaji wanaoanza kama wewe, wanafunzi wa filamu hasa, maana wakipanda hupenda kupanda na watu waliowazoea.

MpigaPiano

Ninawashukuru sana. Swali moja la mwisho: katika sampuli za kazi zangu, niweke vipande vikubwa vya okestra?

ChumbaChaSauti

Weka kimoja, kionyeshe kwamba unaweza. Vingine viwe vya matukio yenye mazungumzo, watu wawili wakizungumza kwa sauti ya chini, na muziki usimeze hata silabi moja. Mimi ninapochagua msaidizi husikiliza hivyo kwanza, kwa kuwa sehemu kubwa ya tamthilia za televisheni ni watu wanaozungumza. Kila sampuli isizidi dakika mbili, na ya kwanza iwe ile unayoiamini kuliko zote.