Naomba ushauri: nilipie tena tiketi za msimu za Iowa Hawkeyes (timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Iowa), au niviachie viti?

Mwana_Ujiji (Cedar Rapids, Iowa), Januari 2024

Heshima kwenu wakuu.

Naandika uchungu wa tarehe 1 Januari ukiwa bado haujanitoka. Citrus Bowl, Orlando (bowl ni mechi ya heshima ya kufunga msimu): Tennessee 35, Iowa 0. Mwezi mmoja kabla ya hapo, fainali ya ligi yetu ya Big Ten kule Indianapolis: Michigan 26, Iowa 0. Na Septemba Penn State walishatuchapa 31 kwa 0. Ndani ya msimu mmoja tumetoka uwanjani mara tatu bila pointi hata moja, na msimu huohuo tumeshinda mechi kumi. Nashindwa kujua nishangilie au nilie.

Kwa wale msiofuatilia futiboli ya vyuo vya huku: timu inapewa majaribio manne ya kuusogeza mpira yadi kumi. Ikiona haifiki, inaupiga kwa mguu uende mbali, yaani punti, ili wapinzani waanze safari yao kutoka kwao kabisa. Sisi punti ndiyo imekuwa silaha yetu. Tory Taylor, kijana kutoka Australia, msimu huu amepiga jumla ya yadi 4,479 na kuvunja rekodi iliyodumu tangu 1938. Nampenda sana huyu kijana. Lakini mpiga punti hafiki huko mpaka mashambulizi yawe yanakwama mechi baada ya mechi. Tumemaliza na wastani wa pointi 15.4 kwa mechi, na kwa yadi za mashambulizi tumeshika nafasi ya 133 kati ya timu 133.

Upande wa ulinzi ni habari nyingine kabisa. Phil Parker amepewa tuzo ya Broyles, ya kocha msaidizi bora nchini, na ameistahili. Angalieni tulivyoshinda: Northwestern 10-7, Illinois 15-13, Nebraska 13-10. Wale vijana wanaingia uwanjani wakijua wakiteleza mara moja tu mechi imeisha, maana wenzao hawatairudisha. Wanafanya kazi hiyo wiki baada ya wiki bila kunung'unika hadharani.

Kocha mkuu, Kirk Ferentz, yupo tangu 1999. Namheshimu. Ila tangu 2017 mratibu wa mashambulizi, yaani kocha anayepanga namna ya kushambulia, alikuwa mwanawe, Brian. Mwaka 2022 tuliwafunga South Dakota State 7-3, na zile pointi saba zilitokana na goli moja la teke la pointi tatu, kisha ulinzi wetu kuwanasa wapinzani mara mbili ndani ya eneo lao la mwisho, pointi mbili kila mara. Tachidauni, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, hakuna. Mimi naamini mabadiliko yalitakiwa yaanze palepale. Kilichofanyika ni kumwandikia Brian mkataba mpya wenye mshahara uliopunguzwa na masharti kwamba timu ifikishe wastani wa pointi 25 na ishinde mechi saba. Ilipofika Oktoba 2023, mkurugenzi wa muda wa michezo, Beth Goetz, ndiye aliyetangaza kuwa Brian hataendelea baada ya msimu. Uamuzi haukutoka kwa kocha mkuu. Hilo linaniuma kuliko zile 35-0, kwa sababu kocha anayedai kila mchezaji apate namba kwa jasho lake alitakiwa kutumia kipimo hichohicho kwa benchi lake.

Sasa ombi langu. Mimi na jamaa watatu tunalipia pamoja viti vinne Kinnick, uwanja wetu wa nyumbani. Malipo ya msimu wa 2024 yanakaribia. Wawili wanataka tuache, wa tatu anasubiri neno langu. Mama watoto anasema fedha hiyo ingesogeza ujenzi wetu Kigoma, na ana haki ya kusema hivyo. Tukiviachia viti, anayefuata anavichukua, na kuvipata tena si rahisi. Mratibu mpya hajatangazwa mpaka leo. Mngekuwa mimi, mngefanyaje?

Tumaini_Temeke (Dar es Salaam)

Mkuu pole. Mimi mchezo wenyewe siujui vizuri, ila huku kocha wa Simba au Yanga akipoteza mbili mfululizo tunataka aondoke kesho yake. Huyo Ferentz anawezaje kukaa miaka yote hiyo na mambo ni hayo? Uongozi haumuoni?

Mwana_Ujiji

Tumaini ahsante. Ana mkataba mpaka 2029. Na lazima niseme kwa haki: alianza na ushindi mmoja na vipigo kumi mwaka 1999, na mwaka uliofuata akashinda mitatu tu. Wangemfukuza wakati ule tusingeiona 2002, aliposhinda kumi na moja. Watu wa hapa hawajasahau, na mimi simtaki aondoke. Ninachotaka ni kuona mashambulizi yanatendewa kwa uzito uleule wa ulinzi.

Shaban_wa_Omaha (Nebraska)

Mleta uzi, nisikilize mimi ninayetoka upande wa pili wa mto Missouri, shabiki wa Nebraska, na msimu huu mmetufunga 13-10 kwa teke la sekunde za mwisho.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tulifanya hivyo mara mbili. Mwaka 2003 tulimfukuza Frank Solich akiwa na ushindi tisa na vipigo vitatu, kwa sababu tuliona tisa ni chache kwa timu yenye mataji matano. Mwaka uliofuata tukashinda mitano, tukapoteza sita, msimu wetu wa kwanza wa hasara tangu 1961. Mwaka 2014 tukamfukuza Bo Pelini. Huyu alishinda mechi tisa au zaidi kila msimu aliokaa, na aliondolewa siku mbili tu baada ya kuwafunga ninyi hapohapo Kinnick, 37-34, muda wa nyongeza. Tukamleta Mike Riley: ushindi 19, vipigo 19. Tukamleta Scott Frost, mtoto wa nyumbani, aliyetupa taji kama kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, mwaka 1997, na jiji zima likaamini: ushindi 16, vipigo 31. Bowl hatujaonja tangu 2016.

Mna mechi kumi za ushindi na mnataka kuviachia viti? Uwanja wetu wa Lincoln umejaa kila mechi ya nyumbani tangu 1962. Tulikuwa tunaujaza hata mwaka 2021, tulipomaliza 3-9. Lipia.

Kinyozi_Des_Moines

Shaban, nakuheshimu, lakini mfano wako haujibu swali lake. Mwenzetu hajasema Ferentz afukuzwe. Ameuliza kuhusu fedha za nyumba yake.

Mimi nasema acha. Tiketi za msimu unalipia mechi zote, pamoja na zile za mwanzo dhidi ya timu ndogo na za Novemba baridi ikikata mifupa. Chagua mbili unazozitaka kweli, nunua kwa mashabiki wanaouza zao wiki ya mechi, nyingine tazama nyumbani. Uongozi wowote unasoma idadi ya waliolipia kabla haujasoma malalamiko. Viti vikijaa kwa pointi 15 kwa mechi, haraka ya kubadilika itoke wapi?

Mama_Neema (Iowa City)

Shemeji, mimi si mtaalamu wa mbinu. Nilitumikia usafi hospitali miaka kadhaa, na watoto wangu wamekulia karibu na uwanja huo.

Robo ya kwanza ikiisha pale Kinnick, uwanja mzima unageuka na kuipungia mkono hospitali ya watoto iliyo jirani. Wachezaji, waamuzi, hata timu ngeni. Wameanza mwaka 2017. Watoto wanakuwa juu madirishani wakiwatazama. Kama una mtoto, na nadhani unaye, anayejifunza kwa kuona watu karibu elfu sabini wakifanya jambo hilo pamoja, hiyo nayo ihesabu unapopiga hesabu. Ila Mama watoto msikilize. Kaeni mezani na karatasi, mwandike ujenzi unahitaji nini mwaka huu, ndipo muamue. Usimletee uamuzi uliokwisha kufanywa na wanaume wanne kwenye kikundi cha simu.

Mwalimu_Goma (Cedar Rapids)

Ndugu yangu, nakubaliana nawe kuhusu Brian, lakini hesabu yako ina pengo. Cade McNamara, kwotabeki wetu, aliumia goti mapema dhidi ya Michigan State. Luke Lachey, mpokeaji tegemeo, alikuwa ameshaumia mapema zaidi. Cooper DeJean, beki wetu, akavunjika mguu mazoezini Novemba. Timu iliyobaki ingepata shida chini ya mratibu yeyote.

Hata hivyo majeraha hayaelezi 2022, maana mwaka ule nao tulikuwa mkiani kwa yadi. Tatizo ni mpango wenyewe. Tunakimbia na mpira kwa njia zilezile, ulinzi wa wapinzani unazisoma kabla mpira haujaguswa, halafu kwotabeki anabaki na jaribio la tatu akihitaji yadi nane, na wapokeaji hawana kasi ya kumsaidia. Wapokeaji wazuri wa sekondari nao wanaona. Kijana mwenye ofa tano hawezi kuchagua timu ambayo mpira hautamfikia.

Ushauri wangu: subiri jina la mratibu kabla ya siku ya mwisho ya malipo. Akitoka mtu wa ndani, aliyelelewa na mpango huohuo, achia viti bila kujuta. Akitoka mtu wa nje aliyewahi kuongoza timu yake mwenyewe, mtu ambaye anaweza kumwambia Ferentz "hapana" akasikilizwa, lipia mwaka mmoja. Vigezo vingine vyote ni kelele.

Mwana_Ujiji

Mwalimu, hili la kusubiri jina nimelichukua. Mama Neema, shikamoo, na nimekusikia. Binti yangu ana miaka tisa na ule wakati wa kupunga mkono ndio anaousubiri kuliko mechi. Kinyozi, hoja yako kuhusu uongozi kusoma waliolipia ni nzito na sina jibu lake.

Mwana_Ujiji, Januari 2025. MREJESHO

Wakuu, niliahidi kurudi.

Mwisho wa Januari mwaka jana walimtangaza Tim Lester, aliyewahi kuwa kocha mkuu wa Western Michigan. Mtu wa nje. Nilikaa na mama watoto kama nilivyoshauriwa, tukakubaliana ujenzi uanze na paa, tukabaki na kiti chetu kimoja kati ya vile vinne, na mimi nikawa naingia na binti kwa zamu na jamaa wengine.

Msimu tumemaliza 8-5, pungufu ya mwaka uliopita, lakini nimetazama timu nyingine kabisa. Pointi 360 katika mechi 13, karibu 28 kwa mechi. Kaleb Johnson amekimbia yadi 1,537 na tachidauni 21. Wisconsin tumewapiga 42-10 nikiwa uwanjani, na nilikuwa sijawahi kuona mashambulizi yetu yakiwachosha watu namna ile. Njia za Johnson za kukimbia zilifunguka kwa sababu wachezaji sasa wanahamahama kabla ya mpira kuanza, na ulinzi wa wapinzani unalazimika kukisia.

Bado sijaridhika. Iowa State, chuo kingine cha jimbo letu, walitufunga 20-19 mchezo ambao tulikuwa tunaongoza, UCLA wakatufunga 20-17, na kwotabeki tumebadilisha watatu bila kumpata mmoja wa kumwamini. Johnson anakwenda NFL, ligi ya kulipwa. Kocha asipopata kwotabeki wa kweli kipindi hiki cha uhamisho, kazi nzuri ya Lester itapotea. Shaban, nanyi tumewafunga tena 13-10 kwa teke la mwisho. Pole, na hongera kwa kurudi kwenye bowl.

Kwa 2025 nalipia. Jamaa mmoja amehamia Texas, hivyo kiti kimoja kati ya vinne kiko wazi. Aliye karibu na Cedar Rapids na yuko tayari kuchangia msimu mzima, siyo mechi moja kubwa peke yake, anitumie ujumbe kabla ya mwisho wa mwezi.