Afisa wa parole apewe bastola na mamlaka ya kukamata? Tujadili

Wadau, hoja imerudi mezani, na safari hii imekuja na orodha ndefu: afisa wa parole, yaani anayesimamia watu walioachiwa mapema kutoka gerezani kwa masharti, apewe bastola, pingu na jaketi la kuzuia risasi, akamate bila hati, aingie nyumbani kwa mtu saa yoyote na kupekua hadi chini ya godoro. Wanaoiunga mkono wanasema afisa huyu anakwenda peke yake, na kalamu mkononi, kwa mtu ambaye polisi wangemfuata wanne wenye silaha. Hapo hawajakosea.

Mimi napinga sehemu kubwa ya orodha hiyo. Naanza na kesi ambayo wao wenyewe hupenda kuitaja.

Phillip Garrido alifungwa Marekani kwa utekaji na ubakaji wa mwaka 1976, akatoka kwa parole mwaka 1988. Mwaka 1991 aliteka mtoto wa miaka 11 huko California na kumficha miaka 18, kwenye mahema na vibanda nyuma ya nyumba anayoishi. Maafisa wa parole walikuwa wakifika pale pale. Walikuwa na mamlaka ya kupekua. Mwishoni alikuwa amefungwa mguuni kifaa cha GPS, cha kuonyesha mahali alipo. Mwaka 2006 jirani akapiga simu kusema kuna watu wanaishi kwenye mahema kule nyuma. Askari akaja, akaongea na Garrido barazani, akaenda zake.

Aliyefichua ni nani? Wanawake wawili wa idara ya polisi ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Agosti 2009. Garrido alikwenda kuomba kibali cha kufanya mkutano wa dini, ameongozana na mabinti wawili. Wale wanawake wakaona mabinti hawako sawa, wakamtafuta kwenye kumbukumbu, wakapiga simu ofisi ya parole. Bastola haikuhusika. Jimbo lililipa dola milioni 20 kwa familia ya aliyetekwa.

Niambieni, ni mamlaka gani yalikosekana pale?

Halafu tazameni upande wa pili, pale mamlaka yanapotumika barabara. Kesi ya Samson dhidi ya California, mwaka 2006. Polisi anamwona mtu barabarani, anamfahamu kuwa yuko kwenye parole. Anauliza kwa redio kama kuna hati ya kumkamata, anajibiwa hakuna. Anampekua hivyo hivyo. Mfukoni kuna pakiti ya sigara, ndani ya pakiti kuna dawa za kulevya. Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema sawa: huko, aliye kwenye parole anaweza kupekuliwa hata bila kushukiwa kosa lolote. Kwa hiyo kule Marekani, ambako wenye hoja wanatuambia tuige, mlango wa kupekua uliachwa wazi zamani, na Garrido akapita katikati yake.

Karibuni. Matusi mwache nje.

*

Mtu wa Doria:
Mkuu umechagua kesi inayokufaa. Chukua na hii. Jordan McSweeney, Uingereza. Ametoka gerezani kwa masharti Juni 17, 2022. Miadi ya kuripoti, hatokei. Ya pili, hatokei. Karatasi ya kumrudisha ndani inasainiwa Ijumaa tarehe 24. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 26 anamuua mwanamke aliyekuwa akitembea kurudi nyumbani, mashariki mwa London.

Sasa fikiria afisa mwenye mamlaka ya kukamata siku ile ile ya kwanza mtu anapokosa kuripoti. Hasubiri saini, habembelezi kituo cha polisi, anakwenda kumchukua. Huyo mwanamke angekuwa hai. Wewe kaa na falsafa.

*

Faili Juu ya Faili:
Nimefanya kazi ya usimamizi wa watu wa namna hii miaka mingi, kwa hiyo mtanisamehe nikiandika kirefu.

Mtu wa Doria, ile kesi ya London nimeifuatilia. Ripoti ya mkaguzi mkuu wa huduma ya kusimamia watu hawa kule Uingereza, Januari 2023, ilisema McSweeney aliwekwa kundi la hatari ya kati wakati alistahili hatari kubwa. Taarifa za ukorofi wake gerezani zilikuwepo, ila hakuna aliyezikusanya mahali pamoja akazisoma. Ungempa afisa yule pingu, angekwenda kumfunga nani? Kwenye meza yake yule alikuwa mmoja wa wale wa kati, na wa kati tunao wengi.

Kuhusu silaha nawaambia nilichokiona. Siku moja nilibisha hodi kwa mtu niliyekuwa namsimamia, mlango ukafunguliwa nusu. Mkono wake mmoja ulikuwa nyuma ya mlango, sikuuona una nini. Nikasimama. Tukatazamana. Nikasema, "Nimekuja kuuliza kama ulienda kwenye ile kazi." Akakaa kimya kidogo, akatoa mkono: ameshika beseni la nguo, alikuwa anafua. Tulicheka wote wawili, mimi huku magoti yananitetemeka. Ningekuwa na bastola kiunoni sijui siku ile ingeishaje. Siwezi kuapa.

Lakini msije mkaniweka upande wa mwenye mada. Ninavyo vitu ninavyovitaka. Nataka mwenzangu wa kwenda naye kwenye nyumba ngumu, maana siku ile ya beseni nilikuwa peke yangu na hakuna ofisini aliyejua niko mtaa gani. Nataka redio, au hata kitufe cha kubonyeza mambo yakiharibika. Jaketi nalitaka pia. Jaketi halimtishi mtu.

Bangili za kielektroniki, kama kile kifaa cha mguuni cha Garrido, watu huzisifu, ila hakuna anayetaja chaji. Kile kifaa lazima kichajiwe kila siku, na kimefungwa mguuni, huwezi kukivua ukakiacha ukutani. Kijana wangu mmoja alipata kazi ya kubeba mizigo. Saa ya chakula wenzake wanakula, yeye anatafuta soketi, anakaa chini ameunyoosha mguu kama mgonjwa. Bosi akauliza, akaelezwa. Wiki ya pili kazi hakuna. Betri ikiisha, kwangu inasoma kwamba ametoroka, na mimi natakiwa kuandika ripoti. Niliandika ngapi za namna hiyo! Bangili haikunipunguzia kazi hata kidogo. Iliniongezea kengele za saa nane usiku, na nyingi zilikuwa betri.

*

Niliyerudi Mara Mbili:
Mimi nimekaa upande ule mwingine wa meza. Mara ya pili sikurudishwa gerezani kwa kosa jipya. Nilichelewa kuripoti, na anwani niliyoandikisha nilikuwa nimeshafukuzwa kwa kodi, nikaogopa kusema. Kwanini niliogopa? Kwa sababu niliyetakiwa kumwambia ndiye huyo huyo mwenye kunirudisha. Mkimwongezea pingu, watu watamwambia hata kidogo kuliko mimi.

*

Mwenye mada:
Asante Niliyerudi, umeigusa pale nilipokuwa nazungukazunguka.

Mwaka 1972, kesi ya Morrissey dhidi ya Brewer, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa mtu arudishwe gerezani kwa neno la afisa wake peke yake. Lazima asikilizwe, na anayeamua asiwe yule yule aliyemshitaki. New York mwaka 2021 wakapitisha sheria ya kupunguza watu kurudishwa ndani kwa makosa ya masharti tu, kama kuchelewa kuripoti.

Kwa hiyo msimamo wangu nausogeza kidogo. Ndugu Faili Juu ya Faili: jaketi, redio na mwenzako wa safari, nakubali vyote, na nilikosea kuvitia kapu moja na bastola. Upekuzi uwepo, ila pawe na sababu iliyoandikwa kabla ya kugonga mlango, si baada. Kukamata kubaki kwa polisi. Na bajeti ya bastola iende kwenye kupunguza mafaili ya kila afisa, ili mtu apate muda wa kuzunguka nyuma ya nyumba.

*

Mtu wa Doria:
Upekuzi wa kuandikiwa sababu naweza kuumeza. Ila hamjanijibu la London. Karatasi imesainiwa Ijumaa, mtu anaua Jumapili. Hata mafaili yakiwa kumi tu, kati ya Ijumaa na Jumapili nani anamtafuta? Faili, kwenu ikoje?

*

Faili Juu ya Faili:
Kwetu karatasi inakwenda polisi, na polisi wanaiweka kwenye foleni yao. Wakimkosa kwenye anwani wananipigia mimi kuuliza anapenda kukaa wapi, na mara nyingi najua: kwa dada yake, au kwa yule rafiki wa zamani.

Ila simu ya ofisi Ijumaa inazimwa saa kumi na moja jioni.