Naomba ushauri: nitashindaje zabuni ya ukalimani katika wilaya ya shule hapa Texas?

BabaUshindi
Ndugu wanajamvi, wakubwa shikamooni, na wengine wote nawasalimu kwa heshima. Natokea Kivu Kusini na nimeishi kaskazini mwa Texas tangu mwaka 2016. Mwaka jana nilisajili kampuni ndogo, LLC, inayotoa huduma ya ukalimani wa Kiswahili, Kinyarwanda, Kibembe na Kifaransa, na tangu mwezi Oktoba tumekuwa tukiihudumia wilaya moja ya shule za umma: tunakaa na wazazi katika vikao, tunapiga simu kwa niaba ya walimu mtoto anapokosa shule, na tunatafsiri barua zinazopelekwa nyumbani. Sasa wilaya hiyo imetangaza zabuni ya huduma hizo kwa mwaka ujao wa fedha, na nasikia kwamba kampuni kubwa zinazofanya ukalimani kwa simu zitaomba pia. Naomba kujua mtu mdogo kama mimi aandike nini ili ashinde, na bei yake aipange vipi. Nimekwisha kuacha kazi ya ghalani, nimekopa gari, na wakalimani sita wananitazama mimi, kwa hiyo naomba sana ushauri wa kunijenga.

Karani_Mstaafu
Hongera kwa kuthubutu. Nilifanya kazi miaka kumi na moja katika ofisi ya manunuzi ya wilaya ya shule, hapa hapa Texas, nami nitakueleza nilivyoyaona mambo kutoka upande wa pili wa meza. Kwanza umjue unayemuuzia. Wilaya ya shule si tawi la serikali ya jimbo wala si idara ya jiji. Karibu zote hapa ni taasisi huru, zenye bodi inayochaguliwa na wananchi, zinazokusanya kodi ya majengo na kujitungia sera ya manunuzi, na ndiyo maana makaratasi yaliyokufungulia mlango kwa jirani yanaweza yasikufae kitu hapo. Sheria ya elimu ya Texas inadai ushindani wa wazi manunuzi ya aina moja yanapofika kiwango fulani ndani ya miezi kumi na miwili. Kwa miaka mingi kiwango hicho kilikuwa dola 50,000, na mwaka 2025 kikapandishwa hadi dola 100,000. Chini ya hapo kila wilaya ina kanuni zake, na kwa kawaida mambo huanzia kwenye nukuu tatu za bei.

Usidhani bei ndiyo yote. Sheria inaitaka wilaya ipime pia sifa ya muuzaji, ubora wa huduma yake, inavyokidhi mahitaji, na walivyofanya kazi pamoja huko nyuma. Kampuni ya simu itakushinda kwa bei ya dakika moja. Haitakushinda katika kikao cha saa mbili cha mtoto mwenye mahitaji maalumu, ambapo mama anafuta machozi na karatasi kumi na tano ziko mezani zikisubiri sahihi yake. Andika hapo, tena kwa kirefu. Ambatisha fomu W-9 (ya kodi, yenye jina na namba ya mlipakodi), cheti cha bima ya dhima, na maelezo ya namna wakalimani watakaokutana na wanafunzi watakavyochukuliwa alama za vidole. Jibu maswali kwa mpangilio uleule waliouweka, kwa maana nimeona zabuni nzuri zikiwekwa kando kwa kukosa sahihi moja.

Sasa na mimi nina swali. Tangu Oktoba mmefanya kazi kwa mkataba gani, na ni nani aliyekuwa akiwaita?

MamaRiziki
Mimi si mfanyabiashara, ni mzazi tu, lakini naomba niseme kwa nini kazi hii ina thamani. Mwaka wa kwanza hapa niliitwa shuleni, na mkalimani wangu alikuwa mwanangu mwenyewe wa miaka kumi na mmoja. Mwalimu aliongea kwa uso mkali kwa muda mrefu, na mtoto akanitafsiria kwa utulivu: «Mama, mwalimu anasema shule itafungwa siku tatu.» Nikamshukuru mwalimu kwa mikono miwili, na njiani nikamnunulia mtoto soda. Kumbe alikuwa amesimamishwa siku tatu kwa kupigana. Niligundua alhamisi, nilipoona watoto wa jirani wanapanda basi.

Sauti_ya_Uvira
Mama Riziki, nimecheka lakini ni jambo la kuhuzunisha. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inaihusu kila shule inayopokea fedha za serikali kuu, na mwongozo uliotolewa mwaka 2015, ingawa ulifutwa mwaka 2025, ulisema wazi kwamba shule zisitegemee wanafunzi, ndugu wala wafanyakazi wasiofunzwa kuwakalimania wazazi. Amri ya rais ya Machi 2025, iliyokitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi, haikuifuta sheria hiyo. Wala haikugusa sharti kwamba mzazi wa mtoto mwenye ulemavu aelewe kinachosemwa katika kikao cha mpango wa elimu ya mtoto wake, hata ikibidi kumletea mkalimani.

Ila kwako Baba Ushindi nina dukuduku. Je, hao wakalimani sita wamefunzwa, au ni watu wanaojua lugha tu? Nimewahi kukaa katika kikao ambapo mkalimani aliyelelewa Dar es Salaam alimsomea mama wa Fizi karatasi nzima kwa Kiswahili sanifu kitamu, na mama akaitikia kwa kichwa mpaka mwisho, tulipotoka nje akaniuliza, «Balisema nini juu ya batoto?» Lugha ni ileile, lakini mama alitoka mikono mitupu.

BabaUshindi
Nawashukuru nyote. Wakalimani wangu wanne wana vyeti vya mafunzo ya saa arobaini, na wawili wataanza mafunzo mwezi ujao. Kuhusu swali la Karani, sioni kama lina uhusiano mkubwa na zabuni hii, lakini nitajibu. Hatujawahi kuwa na mkataba wa mwaka. Tulipewa hati ya ununuzi kila mwezi, zote ni nane, na kila moja ilikuwa chini ya dola 10,000, kwa jumla ya dola 74,000. Kazi tunapewa na mratibu wa huduma za lugha wa wilaya. Tumelipwa zote kwa wakati, na hakuna mzazi hata mmoja aliyelalamika. Naomba turudi kwenye suala la bei: tunatoza dola 55 kwa saa, je, tushuke?

MzabuniMoro
Umelipwa zote kwa wakati, nawe bado unaomba ushauri? Mimi nipo Morogoro, nauza mahindi na maharage kwa shule za sekondari za bweni, na ningependa wewe ndiwe unishauri. Mwaka mmoja mkuu wa shule fulani alinipigia simu usiku kwamba watoto hawana unga wa kesho. Nilipakia magunia arobaini kwa moyo wa ubinadamu, bila hati yoyote, kwa ahadi kwamba karatasi zitafuata. Mkuu akahamishwa. Aliyekuja baada yake alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaniambia kwamba vitabu vya shule havinio­nyeshi popote. Siku hizi kila kitu kinapita katika NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, na wapo wanaolalamika kwamba mtandao unasumbua, lakini mimi naupenda kwa sababu simu ya usiku haiingii humo. Karatasi kwanza, gunia baadaye.

Karani_Mstaafu
Mzabuni wa Morogoro ameeleza kanuni ambayo hata huku tunaishi nayo: hati ya ununuzi hutangulia kazi, na ankara yenye tarehe iliyotangulia hati ni ugonjwa wa kila mhasibu.

Baba Ushindi, bei ya dola 55 haina tatizo; usishuke kwa woga. Kinachonitia wasiwasi ni hizo hati nane. Kama sera ya wilaya yako inadai nukuu tatu kuanzia dola 10,000, basi mtu yeyote atakayezipanga mezani ataona zilikatwa kwa kipimo. Sheria ya jimbo inakataza kugawanya manunuzi ili kukwepa ushindani, na anayefanya hivyo katika wilaya anaweza kushitakiwa kwa jinai. Kwa jumla yako hamjafika kiwango cha jimbo, lakini sera ya wilaya nayo ina meno. Kwa hiyo narudia swali ulilolipita pembeni: huyo mratibu ni nani kwako?

BabaUshindi
Ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Sikulificha jambo hili kwa nia mbaya. Niliona tu kwamba mtu akisikia neno shemeji hatasoma tena yaliyobaki. Naomba mnielewe. Kabla yetu, wilaya nzima ilikuwa ikimtumia mpishi mmoja wa shule ya msingi kuwakalimania wazazi wa Kikongo, akivua aproni na kuvaa tena. Shemeji alitafuta kampuni za Kibembe akakosa, akatuita sisi. Hakuna senti iliyorudi kwake. Kuhusu zabuni, ni kweli yumo katika kamati ya watu watano ya kutathmini, lakini kura yake ni moja. Siku nilipomwonesha rasimu ya tangazo tulikuwa nyumbani kwa mama baada ya ibada, na hakuchukua nakala, alisoma tu vipengele vya alama, ambavyo kila mtu aliviona wiki mbili baadaye. Sasa kosa liko wapi? Na nimekwisha kuandaa nusu ya maombi, siwezi kurudi nyuma.

Pilipili_Abilene
Kosa liko kwenye sentensi yako ya nane na linaendelea mpaka ya mwisho. Hata hivyo nakuelewa, maana kwetu shemeji asipokusaidia anaitwa mchawi, na akikusaidia anaitwa mahakamani.

Chujio
Naomba wote msimame kidogo mrudie kusoma. Ameandika, «siku nilipomwonesha rasimu». Nani alimwonesha nani? Mwombaji wa zabuni huoneshwa rasimu. Anayeonesha ni mtu wa ndani. Halafu anasema «hakuchukua nakala, alisoma tu», yaani anayesimulia si yeye aliyesoma. Tena walikuwa «nyumbani kwa mama», si kwa mama mkwe. Ongeza na hili: anajua kwamba kamati ina watu watano. Ama tunasomeshwa hadithi iliyotungwa, ama anayetuandikia hapa si Baba Ushindi bali ni shemeji mwenyewe, anayepima kina cha maji kwa mguu wa mwenzake.

MamaRiziki
Chujio, umekuwa mwalimu wa sarufi. Mume wangu humwita mama yangu «mama» tangu siku ya mahari, na hajawahi kutumia neno mkwe mbele yake.

Sauti_ya_Uvira
La mama nakubaliana nawe, wengi tunasema hivyo. La «nilipomwonesha» ni zito zaidi. Mtu anaweza kukosea herufi, lakini hapo amebadilisha mtendaji na mtendwa, kisha akaendelea hivyo hivyo hadi mwisho wa sentensi bila kujikwaa.

BabaUshindi
Niliandika kwa simu nikiwa nimechoka, ni makosa ya vidole. Nashangaa kwamba nimekuja na mzigo kichwani, nanyi mnahesabu viambishi. Mnaodhani nimetunga, niacheni. Mnaojua kazi, nisaidieni. Tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ni wiki ijayo.

Chujio
Bwana au bibi, aliyetunga hadithi hajisumbui na tarehe ya mwisho. Sasa naamini kwamba ni kweli. Ninachouliza ni kiti gani umekalia.

Karani_Mstaafu
Kiti hicho ndicho kinachoamua fomu, kwa hiyo nitajibu kwa viti vyote viwili na kila mmoja achukue lake. Texas ina sheria ya serikali za mitaa inayohusu uhusiano wa wazabuni na maofisa, nayo inazigusa wilaya za shule. Mzabuni mwenye udugu na ofisa anayehusika kupendekeza au kuchagua wazabuni anatakiwa kuwasilisha dodoso la mgongano wa maslahi, fomu inayoitwa CIQ, ndani ya siku saba za kazi tangu aanze mazungumzo ya biashara au tangu ajue udugu huo. Mdogo wa mke anahesabika. Ni daraja la pili kwa njia ya ndoa. Ofisa naye ana tamko lake, fomu CIS, kwa muda huohuo wa siku saba. Fomu zote mbili hutolewa na Tume ya Maadili ya Texas, na ni za kurasa chache. Asiyewasilisha kwa makusudi anatenda kosa, na bodi inaweza kuubatilisha mkataba wenyewe.

Mnadhani fomu inawanyima biashara? Hapana, udugu peke yake hauzuii kuomba. Nimeona kampuni ya mtoto wa ofisa ikishinda kihalali: baba alitangaza uhusiano, akatoka kwenye kamati, akakaa mbali na kila karatasi. Ila rasimu iliyosomwa sebuleni haina fomu. Hapo ofisa aende kwa mkuu wa manunuzi kabla ya siku ya kufungua maombi, aseme nani alisoma nini na lini. Inawezekana zabuni itatangazwa upya, inawezekana mtazuiliwa kuomba safari hii. Kama mtazuiliwa, njia nyingine haijafungwa: mwombe kampuni kubwa itakayoshinda iwachukue kama wakandarasi wadogo kwa Kibembe, kwa sababu hawana mtu, lakini nayo muitangazie udugu huo. Na katika kaunti zenu zipo wilaya nyingine nyingi ambako hamna shemeji.

MzabuniMoro
Hilo la mwisho ndilo nilitaka kusema. Mimi nauza mbali na kijiji changu kwa makusudi.

BabaUshindi
Karani, nakushukuru. Fomu zote mbili nimezichapisha, ziko mezani. Lakini nikienda kwa mkuu wa manunuzi, watu sita wanakosa kazi mwezi Agosti, na wazazi wanarudi kwa mpishi. Nisipokwenda, huenda hakuna atakayejua.

Chujio
Zote mbili?

Karani_Mstaafu
Muache, Chujio. Ofisi ya manunuzi hufunguliwa saa mbili asubuhi.

Pilipili_Abilene
Samahani kwa kuingilia. Hao wakalimani wawili ambao hawajafunzwa, nafasi zao bado zipo? Mimi nina cheti cha saa arobaini, nina gari langu, na sina ndugu yeyote katika wilaya yoyote ya Texas.