Nimepewa ofisi ya Tunduma niisimamie ila moyo unasita, ushauri wenu wakuu

Mtu wa Manifesti:
Wakuu habari za mchana. Nipo kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar, umri 34, nina mke na mtoto mmoja. Mimi ni mtu wa nyaraka, yani nakaa kwenye kompyuta kuanzia asubuhi naandaa tansadi (fomu ya forodha ya kutolea mzigo), nafuatilia T1, yani hati za mizigo inayopita kwenda Zambia na Kongo, nikikwama natuma meseji, sipendi hata kupiga simu. Kazi naijua sana sio siri.

Sasa juzi bosi kaniita, msimamizi wa ofisi yetu ya Tunduma, mpakani na Zambia, anaondoka na anataka niende mimi. Mshahara unapanda na nyumba wanalipia mwaka wa kwanza. Shida kule kazi ni mdomo wakuu. Gari limezuiliwa saa tisa usiku dereva anakupigia, mwenye mzigo naye yuko Lubumbashi anafoka, asubuhi uko mbele ya afisa forodha unajieleza, bado vikao vya mawakala ambako wewe ndo kampuni. Mimi nikisimama mbele ya watu sauti inakata kabisa, sendofu ya mdogo wangu nilipewa maiki nikasema asanteni kwa kuja nikakaa, watu wakadhani natania.

Wife ana saluni Mbagala ndo kwanza imeanza kushika wateja. Mamotivesheni spika wanasema toka kwenye komfoti zoni, sawa, lakini usiku najiuliza huu ni uoga au akili ndo inaniambia ukweli? Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Jembe Halilali:
Mkuu hii nayo ya kuuliza? Samatta angeridhika na Simba leo nani angemjua huko nje? 2011 kabeba begi kaenda Mazembe, Lubumbashi hiyohiyo inayokupigia kelele usiku, 2015 kabeba klabu bingwa Afrika, 2016 yuko Genk ya Ubelgiji, 2020 yuko Aston Villa ya Uingereza anafunga Wembley mbele ya Man City. Wewe unaogopa Tunduma ambako hata pasi ya kusafiria huhitaji 😂 Panda basi.

Ticha wa Zamu:
Jembe huo mfano wako unakusuta mwenyewe. Samatta hakutoka Simba akadondokea Uingereza, Mazembe kakaa miaka zaidi ya minne, Genk kakaa minne mingine, na bado Villa alifika Januari, Septemba mwaka uleule akaenda Fenerbahçe kwa mkopo. Kila alipohama alikuwa keshaiva kwa ajili ya hatua inayofuata, sio kwamba alifumba macho akajirusha.

Mleta mada, kuna jaribio la zamani sana la mwaka 1908, Yerkes na Dodson kule Marekani. Waliwafundisha panya wadogo kutofautisha kijumba cheupe na cheusi, panya akiingia cha giza anapigwa shoti. Tofauti ikiwa inaonekana wazi, shoti ikiongezwa panya wanajifunza haraka zaidi. Wakapunguza tofauti mpaka ikawa ngumu kuona, hapo shoti kali ikawachelewesha, wakajifunza vizuri kwa shoti ya wastani. Binadamu sio panya najua, ila mi nimefundisha miaka mingi na nimeliona darasani, mtoto anayejua hesabu ukimwekea presha anachangamka, asiyejua ukimsimamisha ubaoni hata kile kidogo anachojua kinapotea. Wewe presha ya nyaraka unaimudu maana umezijua. Kuongea ndo bado, sasa kwanini ukajifunzie mbele ya mteja aliyekasirika? Anza huku mjini. Kikao cha Jumatatu omba uwe wewe unayesoma ripoti ya magari, dakika tatu, karatasi mkononi. Msiba ukitokea mtaani jitolee kusoma ratiba. Watu wa msibani hawakupimi, kila mtu ana yake.

Jembe Halilali:
Ticha umeanza na panya sasa 😂 Haya Kipchoge je? 2012 kakosa timu ya Kenya ya Olimpiki ya London, mwaka uliofuata tu kahamia marathoni na Hamburg kashinda mara yake ya kwanza kabisa. Nani alimlea kidogo kidogo?

Ticha wa Zamu:
Alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5000 tangu 2003 bwana. Mapafu na miguu alihama navyo.

Binti Pangani:
Kaka mimi nimesoma bandiko lako mara mbili, mshahara umeueleza, nyumba umeieleza, sauti mpaka sendofu, mke kapewa mstari mmoja. Umeshakaa naye chini au anasubiri kusikia kwa mama mkwe? Saluni haihamishiki kama kabati, wateja wake wako Mbagala na hawatapanda basi kuja kusukwa Tunduma, akifunga leo anaanza upya sehemu asiyojua mtu. Wanaume mkisema natoka kwenye mazoea nikue, mara nyingi anayeng'olewa kwenye mazoea ni mwingine nyumbani. Sikwambii usiende. Nenda peke yako kwanza, muangalie hali, ikikaa vizuri ndo mpange na mwenzio kwa hesabu kamili na ya kodi ya fremu ikiwemo.

Nyota ya Mpemba:
Mimi niko hukuhuku Tunduma, niseme ninachokiona. Mleta mada unaiogopa kazi ambayo haipo. Unadhani tunakaa tunahutubia? Tangu kituo cha pamoja kifunguliwe 2019 maafisa wa Tanzania na Zambia wanakaa jengo moja, na afisa mwenye foleni ya magari mpaka huku kwetu hataki maelezo marefu, anataka faili lililonyooka. Juzi kuna gari la mtu limelala hapa kisa namba ya lakiri, ile sili ya kufungia kontena, kwenye T1 na ile iliyo mlangoni mwa kontena zinapishana tarakimu moja, 6 imeandikwa 8. Wakala wake ni muongeaji balaa, kaongea asubuhi mpaka jioni, kamtaja na mkubwa gani sijui, gari limelala vilevile. Mtu wa nyaraka angeliona kosa lile Dar gari halijatoka bandarini. Sasa hao ndo tunaowakosa huku.

Mdomo unaouhitaji ni wa aina mbili. Dereva umwambie ukweli, kama haondoki leo mwambie haondoki leo akatafute pa kulala, ukimdanganya saa moja tena saa moja tena hatakuamini milele. Na mteja umpigie wewe kabla hajakupigia. Mkongo akisikia habari toka kwako mapema anafoka kidogo, akisikia toka kwa dereva ndo utajuta. Na Kiswahili wanakijua wale, usihofu Kifaransa.

Mtu wa Manifesti:
Dah asanteni. Binti Pangani umenishika pabaya, leo naongea naye. Nyota hiyo ya lakiri nimecheka maana ndo vitu vinavyonikosesha usingizi. Nawaza nimwombe bosi niende kama kaimu miezi mitatu familia ibaki Dar. Ila naogopa ataona sina utayari, ampe mwingine.

Ticha wa Zamu:
Akimpa mwingine kwa sababu umeomba kukaimu basi alikuwa anatafuta wa kuziba pengo tu. Mpelekee na mpango, ndani ya hiyo miezi mitatu utafanya nini, magari yanayolala mpakani yapungue kwa njia gani. Hiyo unaandika, na kuandika ndo kwako.

Binti Pangani:
Na apate barua. Iandikwe kwamba kiti chako cha Dar hakijazwi mpaka kukaimu kuishe na posho ya kujikimu ni kiasi gani. Maneno ya ofisini kwa bosi yanabaki ofisini kwa bosi.

Jembe Halilali:
Mi bado nasema panda basi. Ila barua sawa, chukua.

Nyota ya Mpemba:
Ukija Juni au Julai beba koti la maana, sio hivyo visweta vya Dar. Na chumba usichukue kando ya barabara kuu hata wakikwambia bei poa, malori yanaunguruma usiku kucha na wewe simu ya saa tisa bado inakusubiri.