Mjadala: Kundi la WhatsApp la mwalo lifungwe usiku?

Mleta hoja, Mwanga: Makundi ya wavuvi na wachuuzi wa dagaa hapa Kigoma yamegeuka mzigo. Saa 7 usiku inaingia video ya vichekesho, simu inalia, bando linakwisha, na tangazo la maana limefukiwa chini ya meseji kibao. Napendekeza kila kundi la mwalo, yaani ufuko wa kushushia samaki, lifungwe kuanzia saa 3 usiku hadi saa 11 alfajiri, waandike maadmin tu. Kufunga si kazi: gusa jina la kundi, ingia kwenye ruhusa, waondolee wanachama haki ya kutuma ujumbe.

Mchuuzi, Kibirizi: Ndugu yangu, hiyo ni ratiba ya ofisini. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Saa unazotaka kufunga ndizo za kazi: upepo umebadilika, injini imezima, mtumbwi fulani umepata na unarudi. Mwanikaji anahitaji kujua mapema ili aandae vichanja, kwani dagaa wakichelewa kuanikwa wanaharibika. Kama ni lazima kufunga, fuateni mwezi. Kwenye mbalamwezi taa hazivuti dagaa na wengi hawaingii ziwani; siku hizo fungeni hadi asubuhi. Tena WhatsApp haijifungi wala kujifungua kwa saa. Admin akipitiwa na usingizi alfajiri, soko zima limezibwa mdomo.

Fundi simu, Ujiji: Mnachanganya kelele na bando. Kunyamazisha kundi, iwe kwa saa 8, wiki moja au daima, kunazima mlio tu. Picha zinaendelea kushuka. Bando analiokoa kila mtu kwenye simu yake: Mipangilio ya WhatsApp, Hifadhi na data, halafu kwenye upakuaji wa data ya simu ondoa tiki za picha, sauti, video na nyaraka. Angalizo: meseji za sauti zinazorekodiwa humo humo hushuka zenyewe hata ukizima vyote. Kwa hiyo bei iandikwe, na iandikwe kamili: mwalo, tarehe, saa, wabichi au wakavu, kwa beseni au kwa kilo. "Dagaa 45" haimsaidii mtu. Simu iliyokuwa imezimwa ikiwashwa mchana inapokea bei ya alfajiri, na mwenyewe anakodi bodaboda bure.

Mama wa soko, Gungu: Kuhusu mwezi niko na Kibirizi. Ila uokoaji usitegemee kundi, liwe wazi au limefungwa. Tiki moja maana yake ujumbe haujafika kwenye simu ya mwenzio, na ukishaenda mbali na ufuko mtandao unapotea. Namba za kupiga ziandikwe ukutani kwenye ofisi ya BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, pamoja na orodha ya nani kaingia ziwani na mtumbwi upi.

Mleta hoja, Mwanga: Na uzushi je? Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa Mei 15 hadi Agosti 15. Tarehe kama hizo zikikosewa kwenye meseji ya kusambazwa, mtu anaingia ziwani na kunyang'anywa nyavu.

Fundi simu, Ujiji: Hapo kufunga kuna maana. Undeni jumuiya yenye makundi mawili. La matangazo waandike maadmin tu: utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ubandikwe juu kwa saa 24, na maelekezo ya uvuvi yawekwe baada ya kuyahakikisha kwa simu. Ujumbe wenye mishale miwili umeshapita mikono mingi. Usiingie humo hivi hivi. La soko liachwe wazi usiku kucha. Maadmin wawe watatu, mmoja wao awe mtu anayekesha mwaloni.

Mchuuzi, Kibirizi: Watatu sawa, ila tuamue kwanza nani asiwe. Admin anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote. Mkimpa haki hiyo mnunuzi wa jumla, bei isiyompendeza itafutwa kabla wachuuzi wadogo hawajaamka. Kwa kundi la soko napendekeza mvuvi mmoja, mwanikaji mmoja na mtu wa BMU. Asiyekubali aseme anamtaka nani na kwa nini.